Zabibu za Delano, 1965–1973: mgomo uliohamia dukani

Ukitaja harakati za vibarua wa mashambani wenye asili ya Meksiko nchini Marekani, jina la kwanza kusikika ni César Chávez, na mara nyingi ndilo la mwisho. Lakini mgomo mkubwa wa zabibu haukuanzishwa naye. Tarehe 7 Septemba 1965, katika ukumbi wa jumuiya ya Wafilipino mjini Delano, California, vibarua wa Kifilipino walipiga kura ya kuacha kazi, na kesho yake hawakuingia mizabibuni. Kiongozi wao alikuwa Larry Itliong wa AWOC, chama cha vibarua wa mashambani. Wengi walikuwa watu wazima sana, waliofika Marekani wakiwa vijana katika miaka ya 1920 na 1930, wakazeekea kwenye mabanda ya kambi bila mke wala mtoto. Wanawake wa kwao walikuwa wachache, na kwa miaka mingi sheria ya California iliwakataza kuoa wanawake weupe. Hao ndio waliotangulia, na kilichowapata baadaye ni sehemu ya kisa hiki isiyopaswa kufichwa.

Nianze na hoja yangu. Mgomo wa Delano haukushinda shambani na haukuwa na njia ya kushinda huko. Ulishinda pale ugomvi ulipohamishwa kutoka mizabibuni, ambako tajiri alimiliki kila kitu, hadi kwenye maduka ya miji ya mbali, ambako aliyeamua ni mama mwenye kikapu chake. Ushindi ule ulikuwa wa kweli. Ila nguvu iliyouleta ilikuwa mikononi mwa wanunuzi kuliko mikononi mwa vibarua wenyewe, ndiyo maana miaka mitatu ilitosha kuuangusha.

Chanzo kilikuwa senti chache. Tangu 1942 serikali ya Marekani ilikuwa ikileta vibarua wa mkataba kutoka Meksiko, walioitwa braceros. Hadi mpango huo ulipofungwa mwishoni mwa 1964 mikataba zaidi ya milioni 4 ilikuwa imesainiwa. Kwa matajiri wa mashamba ilikuwa neema: kila walipotishiwa mgomo, basi jingine la watu lilifika, na anayelalamika alirudishwa kwao. Mpango ulipokwisha, ngao hiyo iliondoka. Mwaka 1965 wachache waliopewa ruhusa ya kuletwa walipaswa kulipwa dola 1.40 kwa saa, huku wenyeji wakifanya kazi hiyo hiyo kwa pungufu. Zabibu za California huiva kuanzia kusini, katika bonde la Coachella, kisha mavuno yanapanda kaskazini. Mwezi Mei Wafilipino waligoma Coachella wakidai dola 1.40, na baada ya siku chache wakazipata. Walipofika Delano mwishoni mwa kiangazi, wakakuta mishahara imeshushwa tena. Wakadai ile ile dola 1.40 kwa saa, na senti 25 kwa kila sanduku.

Chama cha Wameksiko, NFWA, kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Chávez, Dolores Huerta na Gilbert Padilla walikianzisha Fresno mwaka 1962, na kwa makusudi hawakukiita chama cha migomo. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakisajili familia. Mwanachama alilipa dola 3.50 kwa mwezi, fedha nyingi kwa mtu wa kipato kile, na badala yake alipata bima ndogo ya mazishi, mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo kilichosimamiwa na Helen Chávez, na mtu wa kumsaidia kujaza fomu au kumfuata mkaguzi wa mishahara. Chávez aliamini wangehitaji miaka mingine kadhaa kabla ya kuthubutu kugoma.

Wafilipino hawakumpa nafasi hiyo. Itliong alijua mchezo wa zamani wa mabonde yale: Wafilipino wakigoma wanaingizwa Wameksiko, Wameksiko wakigoma wanaingizwa Wafilipino. Kila kabila liliwekwa kambi yake na mnyapara wake ili lisizoeane na jirani. Wameksiko wakiendelea kuchuma, mgomo ule ungekufa ndani ya wiki mbili. Tarehe 16 Septemba, siku ya uhuru wa Meksiko, NFWA iliwaita watu kwenye kanisa la Our Lady of Guadalupe hapo Delano, na ukumbi mzima ukapiga kelele za kukubali. Kura ile naihesabu kuwa tukio zito kuliko maandamano na mifungo yote iliyokuja baadaye. Mara nyingi katika historia ya mashamba ya California, hapo ndipo umoja ulipovunjikia. Safari hii haukuvunjika.

Hata hivyo, umoja haukutosha. Wakumbuke waliotangulia. Mwaka 1933, katika bonde hilo hilo la San Joaquin, wachumaji pamba wapatao 18,000, wengi wao Wameksiko, walidai dola 1 kwa kila ratili 100. Walifukuzwa na familia zao kutoka kwenye vibanda vya mashamba, wakapigwa risasi Pixley na watu wakafa, wakaishia na senti 75 bila chama chao kutambuliwa. Mwaka 1965 bunduki zilipungua lakini ramani ya shamba ilikuwa ile ile. Mizabibu ya Delano ilienea maili kwa maili. Nyumba ilikuwa ya tajiri, barabara ya ndani ilikuwa yake, na wakala aliyeleta vibarua alilipwa naye. Mgomaji aliruhusiwa kusimama ukingoni mwa barabara ya umma tu, na aliyetakiwa kumshawishi alikuwa ndani, safu kumi au ishirini mbele, ameinama chini ya majani. Hata kumwona ilikuwa shida. Njia iliyobaki ni kupaza sauti.

Basi wakapaza sauti, na sauti ikageuzwa kosa. Mahakama ilitoa amri za kupunguza idadi ya wagomaji barabarani, na wakuu wa polisi wa kaunti ya Kern wakapiga marufuku kutamka huelga, yaani mgomo kwa Kihispania. Mwezi Oktoba watu 44, Helen Chávez akiwa mmoja wao, walitamka neno hilo kwa makusudi wakakamatwa. Machi 1966 kamati ya Seneti ilikuja Delano kusikiliza, na mkuu wa polisi wa kaunti akaeleza jinsi alivyokuwa akiwakamata watu walioonekana kama wangevunja sheria. Seneta Robert Kennedy alimshauri atumie muda wa chakula cha mchana kusoma Katiba ya Marekani. Ukumbi ulifurahi. Lakini kule mizabibuni wavunja mgomo waliendelea kuingizwa, wengine wakivushwa moja kwa moja kutoka Meksiko, na zabibu za 1965 zilichumwa, zikapakiwa, zikauzwa.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na kwangu ndicho kiini cha kisa. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda chama, kupiga kura na kumlazimisha mwajiri akae mezani. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje. Wabunge wa majimbo ya kusini, waliotegemea jasho la watu weusi mashambani na majikoni, walikuwa na nguvu kubwa Bungeni, na ubaguzi ule ukawaangukia pia Wameksiko na Wafilipino wa magharibi. Kwa miaka 30 tajiri wa shamba hakulazimika hata kujibu barua ya chama.

Mwaka 1947 sheria ile ikarekebishwa na kuvibana vyama. Wafanyakazi wa kiwanda walikatazwa kulisusia duka kwa sababu tu linauza bidhaa ya mwajiri wanayegombana naye. Lakini kibarua wa shambani hakuwa ndani ya sheria. Asiyelindwa nayo hakufungwa nayo vilevile. Angeweza kusimama mbele ya supamaketi yoyote na kumwomba mteja asiingie kabisa, jambo ambalo mfanyakazi wa chuma au wa magari asingeweza. Waliomtupa nje ya sheria walimwachia silaha moja bila kujua.

Silaha hiyo ilijaribiwa kwanza kwa Schenley, kampuni ya pombe kali iliyokuwa na mizabibu Delano. Hiyo ilikuwa rahisi. Chupa ina jina, na jina likichafuka mauzo ya nchi nzima yanatikisika, huku zabibu zikiwa sehemu ndogo ya biashara yake. Machi 1966 wagomaji walitoka Delano kwa miguu kwenda Sacramento, makao ya serikali ya jimbo, safari ya siku 25 iliyomalizika Jumapili ya Pasaka. Kabla hawajafika, Schenley ilikuwa imekubali kutambua chama. Mwezi Agosti vyama viwili, cha Wafilipino na cha Wameksiko, viliungana kuwa kimoja, na wachumaji wa kampuni ya DiGiorgio walipopiga kura walikichagua chama hicho badala ya Teamsters, chama cha madereva wa malori ambacho kampuni ilikipendelea.

Giumarra ilikuwa habari nyingine. Huyu ndiye aliyekuwa mkulima mkubwa kuliko wote wa zabibu za mezani, na zabibu ya mezani haina jina. Mteja wa Boston anakuta kichala kwenye rafu, anakipima, analipa, anaondoka. Lebo ilikuwa kwenye sanduku la mbao, nalo lilibaki nyuma ya duka. Chama kilipotangaza mwaka 1967 kwamba zabibu za Giumarra zisinunuliwe, wakulima wenzake walimwazima lebo zao. Sanduku likaingia New York na picha nzuri na jina la shamba lisilo na ugomvi na mtu, na ndani yake zabibu za Giumarra. Leo wanachama wanafukuzia lebo hii, kesho mzigo unakuja na nyingine.

Jibu lilikuja Januari 1968: zisusiwe zabibu zote za mezani za California. Kwa mbinu yao wenyewe ya kuazimana lebo, wakulima walikuwa wamejifunga kamba moja. Ujumbe ukawa mwepesi kiasi kwamba mtoto angeuelewa. Haikuhitajika kukumbuka jina wala kugeuza sanduku. Usile zabibu.

Waliotumwa kuueneza ndio walioacha alama kubwa kwangu. Eliseo Medina alizaliwa Meksiko, akawa mchumaji Delano, na mgomo ulipoanza akiwa na miaka 19 alivunja kibubu chake kulipa ada ya chama. Akiwa na miaka 21 alipelekwa Chicago, mji asiomjua mtu ndani yake, na dola 100, na mfuko wa beji za kuuza. Kazi yake: kuzizuia zabibu Chicago. Alianza na makanisa na vyama vya wafanyakazi, akakusanya wanawake wa mitaa, hatimaye akauelekeza mpango wote kwa Jewel, mnyororo mkubwa wa maduka mjini humo. Jessica Govea, aliyekuwa ameingia mashambani na wazazi wake tangu utotoni, alipelekwa Toronto. Dolores Huerta aliongoza New York. Hawa hawakuwa wasemaji wa kukodi. Mikono ya wengi wa waliotumwa ilikuwa imechuma zabibu zile zile zilizokuwa rafuni, na mama aliyesimamishwa mlangoni aliambiwa na mhusika mwenyewe jinsi shambani kusivyo na choo, jinsi watu wanavyoshirikiana kikombe kimoja cha maji, jinsi dawa ya wadudu inavyonyunyiziwa watu wakiwa humo humo safuni.

Hoja ya dawa ilikuwa na nguvu ya pekee, maana ilimgusa mnunuzi moja kwa moja. Kilichomwagika kwenye ngozi ya mchumaji kingeweza kubaki kwenye tunda la mwanawe. Ikavuka hata bahari: wafanyakazi wa bandari Uingereza walikataa kupakua zabibu za California. Upande wa pili serikali haikukaa pembeni. Wizara ya Ulinzi iliongeza sana ununuzi wa zabibu kwa ajili ya wanajeshi walioko Vietnam. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba wanajeshi wanazipenda. Chama hakikuyaamini, na mimi nakubaliana nacho.

Wakati huo huo ndani ya chama uvumilivu ulikuwa ukiisha. Vijana walianza kuona kwamba bila kuchoma mabanda hakuna atakayesikia. Februari 1968 Chávez alianza mfungo wa siku 25 wa kuwarudisha watu kwenye njia isiyo ya vurugu, na mwisho wake, tarehe 10 Machi, Kennedy alikuja kukaa naye wakimega mkate. Mengi yameandikwa juu ya mfungo huo, nami sina la kuongeza ila moja: kususia kulitegemea kabisa mteja wa mbali amwonee mgomaji huruma. Moshi mmoja wa banda ungeimaliza huruma hiyo.

Mwezi Aprili 1970 Lionel Steinberg, mkulima wa Coachella, alisaini. Masanduku yake yakaanza kutoka na muhuri wa chama: tai mweusi mwenye mabawa ya ngazi ngazi, aliyechorwa kwa mistari iliyonyooka ili mtu yeyote aweze kumnakili kwenye kitambaa. Masanduku yenye tai yakauzwa kwa bei nzuri kuliko yasiyo naye. Hoja ya miaka mitano ikawa imejibiwa na bei. Tarehe 29 Julai 1970, zaidi ya wakulima 20 wa Delano, John Giumarra akiwemo, walifika kwenye ukumbi wa chama wakatia saini mkataba wa hali bora: dola 1.80 kwa saa na senti 20 kwa sanduku, senti 10 kwa kila saa kwenda kwenye mfuko wa matibabu, masharti juu ya dawa za sumu, DDT ikiwa miongoni mwa zilizopigwa marufuku, na ajira kupitia ofisi ya chama badala ya mawakala.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichoandaa maumivu. Kwenye karatasi kilikuwa haki tupu. Wakala wa vibarua alikuwa mnyonyaji, aliyechukua chake juu ya usafiri, chakula, hata maji. Lakini ofisi ya chama ilipanga watu kwa ukongwe wao ndani ya chama, si ndani ya shamba. Mzee wa Kifilipino aliyepogoa na kuchuma kwa tajiri mmoja miaka 20 akajikuta anatumwa kwingine, kikundi chake kimetawanywa, chumba chake kambini kimekwenda. Familia ya Kimeksiko yenye gari moja ilipangiwa baba shamba hili, mama na watoto shamba lile. Aliyekuwa na deni la ada aliambiwa alipe kwanza ndipo apewe kazi. Watumishi wa ofisi hizo walikuwa wachache, wageni wa kazi, na wengine wakali. Watu waliosusa mishahara kwa miaka mitano walianza kulalamika juu ya chama chao kama walivyomlalamikia mnyapara. Itliong alijiuzulu mwaka 1971, akiona Wafilipino wamekuwa wageni katika nyumba waliyoweka msingi wake.

Kwa nini chama hakikusikia? Jibu langu linarudi kwenye hoja ya mwanzo. Chama kilichopata mkataba kwa kura za mashamba kingelazimika kujua kila siku mchumaji anasema nini, la sivyo kingeshindwa kura inayofuata. Chama hiki kilipata mikataba kwa sababu wanunuzi wa Chicago na Toronto walimbana tajiri, na vipaji vyake bora vilikuwa huko mijini. Kilijua kumgusa mama wa supamaketi kuliko kilivyojua kuendesha ofisi ya kugawa kazi Delano. Chávez mwenyewe hakukubali matawi yenye viongozi waliochaguliwa na vibarua wa eneo. Madaraka yalikaa juu. Hilo naliona kosa zito, na haiba yake haiwezi kulifunika.

Matajiri waliliona pengo. Mikataba ya zabibu ilipoisha mwaka 1973, karibu wote walisaini na Teamsters bila kumuuliza kibarua hata mmoja, maana hakukuwa na sheria ya kuwalazimisha kuuliza. Coachella alibaki Steinberg na mwenzake mmoja. Kiangazi kile wagomaji zaidi ya 3,000 walikamatwa. Mwezi Agosti Nagi Daifallah, kijana wa Kiyemeni aliyekuwa mwanachama, alifariki baada ya kupigwa kichwani kwa tochi na askari wa kaunti. Siku chache tu zikapita, Juan de la Cruz, mzee wa miaka 60, akapigwa risasi akiwa kwenye mstari wa wagomaji. Chama kikasimamisha mgomo na kuwarudisha watu mijini kususia upya.

Kuna ukurasa wa mwaka 1974 unaochoma. Kikilaumu wavunja mgomo wasio na vibali, chama kiliendesha kampeni ya kuwaripoti kwa idara ya uhamiaji, na mpakani Arizona watu wake wakaweka mstari wa kuwazuia wavukaji. Hasira ya mgomaji anayeona kazi yake ikifanywa na mwingine naielewa. Lakini wale waliozuiwa walikuwa Wameksiko maskini wakitafuta safu ile ile ya mizabibu, na njia sahihi ilikuwa ile ya Septemba 1965: kuwavuta ndani. Baadaye chama kilibadili msimamo, na leo kinawatetea wasio na vibali.

Juni 1975 gavana Jerry Brown alisaini sheria ya California iliyowapa vibarua wa mashambani kura ya siri, msimu ukiwa bado unaendelea ili wanaochuma ndio wapige kura. Bodi ya kuisimamia ilianza kazi kabla mavuno hayajaisha, na kura zikaja kwa mamia, nyingi zikiangukia kwa chama cha Chávez. Mwanzoni mwa 1976 bodi iliishiwa fedha na kufunga milango kwa miezi, kwa kuwa wabunge waliowasikiliza wakulima walikataa kuongeza bajeti. Mwaka 1977 Teamsters wakakubali kuondoka mashambani. Kwa mara ya kwanza, mchumaji wa Delano alikuwa na njia ya kumfikisha tajiri mezani bila kumsubiri mteja wa Boston. Lakini njia hiyo ilikuwa ya jimbo moja. Sheria ya taifa ya mwaka 1935 bado inamwacha kibarua wa shambani nje, na katika sehemu kubwa ya nchi anayetaka kuunda chama anaanzia pale pale walipoanzia wazee wa Kifilipino.